Chuma cha Wacera Kwenye Mizani

Mimi ndiye niliyesema ataota ndevu. Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana majirani zangu wa mtaa wa Umoja hawasahau kitu. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama mlangoni mwa ukumbi wa kanisa na birika la chai mkononi, na wanaume kumi na mmoja wakafa kicheko, nami nikajiona mcheshi kweli. Wacera alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu na kila neno lilimfikia. Nikikumbuka siku hiyo bado naona haya.

Ulikuwa mwaka wa themanini na moja. Mimi na mume wangu Caleb, karani wa reli, tulikuwa tumehamia Umoja na tukaona kama kila mtu alivyoona, kwamba vyumba tulivyopewa ni vidogo na uwanja wa nyuma ni mkubwa. Basi tukaanza kuongeza vyumba viwili. Fundi akaja na vibarua wake, na mmoja wa vibarua hao alikuwa mwanamke kutoka Dandora, mrefu wa wastani, mkimya, shingo nene. Huyo ndiye Wacera. Alibeba mawe, kokoto na simiti. Mfuko wa simiti aliufunga kwa ukanda wa ngozi, ukanda akaupitisha juu ya paji la uso kama mama zake walivyobeba kuni huko Murang'a, kisha akainuka nao polepole na kutembea huku ameinama. Kilo hamsini. Alifanya hivyo tangu asubuhi mpaka saa kumi, na sikumsikia mtu hata mmoja akisema ataota ndevu. Hata mimi sikusema. Nilikuwa nikimwonyesha tu mahali pa kuweka.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na ukumbi wa kanisa, na Jumamosi alasiri ukumbi ulikuwa wa Klabu ya Vyuma. Mwenyekiti alikuwa Bwana Phares, karani wa kanjo, yaani baraza la jiji, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Caleb alikuwa katibu. Wengine walikuwa walimu, makarani, mmoja wa posta. Mimi nilikuwa mtu wa chai. Hakuna aliyenichagua, nilikuwa mke wa katibu, na jiko langu lilikuwa karibu.

Vyuma vyenyewe walijitengenezea. Kile kikubwa, walichokiita Arobaini, alikitengeneza Phares kwa mikono yake na alijivunia kama mtoto wa kwanza. Alichukua madebe mawili ya mafuta ya kupikia, yale yaliyoandikwa KILO 17 ubavuni, akayajaza simiti na kokoto, akachomeka mtaimbo katikati, debe huku na debe kule, akaacha vikauke. Kisha akafikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiri. Debe ni kilo kumi na saba. Simiti ni nzito kidogo kuliko mafuta. Basi tuongeze tatu. Akapaka rangi nyeupe kila upande: 20. Mtaimbo hakuuhesabu. Alisema ule ni mshikio tu.

Sheria ya klabu ilikuwa rahisi. Ukiinua Arobaini kutoka sakafuni mpaka kiunoni mara kumi, jina lako linapakwa ukutani kwa rangi ya buluu. Kwa mwaka mzima ukuta ulikuwa na majina manne. Caleb aliweza mara mbili, tatu akiwa amelala vizuri, kisha alirudi nyumbani akiwa na uso mrefu na kuangalia sahani yake. "Mtu hawezi kuinua kilo arobaini kwa sukuma wiki," alikuwa akiniambia. Niliipikia ile kilo arobaini maini, nikaipikia matumbo, nikaipikia omena mpaka nyumba nzima ikanuka ziwa. Bado mara mbili.

Siku moja ya Jumamosi Wacera alikwenda ukumbini kuomba maji ya kuchanganyia simiti, bomba letu likiwa limekauka. Nilikuwa pale na birika langu. Owino, yule wa posta, alikuwa ameiachia Arobaini baada ya mara moja na sasa alikuwa akipuliza viganja. Wacera aliitazama.

"Hiyo mnaipeleka wapi?" akauliza.

Walicheka. Phares akamwambia kwa upole wa mtu mkubwa, "Jaribu, mama."

Aliweka ndoo chini, akapinda magoti, akashika mtaimbo, akainuka. Hakupiga kelele wala kufumba macho kama Caleb. Alisimama pale na Arobaini kwenye mapaja yake, akawatazama mmoja mmoja, akingoja.

"Haya, niipeleke wapi?"

"Hupeleki mahali," Phares akasema. "Unairudisha chini."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Na hakuna mtu anaingojea?"

Aliirudisha chini. Akaiinua tena, naona alitaka kuhakikisha. Mara ya sita Phares akasema imetosha. Hapo ndipo ukumbi ulipopoa, na hapo ndipo mimi, mpumbavu, nilipoona ni wajibu wangu kuwachangamsha. Nikasema maneno yangu ya ndevu. Kicheko kilipokwisha, Wacera alichukua ndoo yake. Lakini kabla hajatoka aligeuka, akaliangalia debe, akasema, "Na hii si ishirini. Mwenye aliandika hii amekosea. Hii ni kama mfuko wa simiti kila upande."

"Mnaona?" Phares akasema. "Wanawake huona kila kitu ni kizito."

Sasa mngedhani angekaa mbali. Jumamosi iliyofuata, kazi ilipokwisha, alinawa mikono kwenye pipa letu, akaenda ukumbini na kuomba kujiunga. Waliitisha kikao. Caleb aliniambia baadaye yaliyosemwa, na mengine niliyasikia mwenyewe dirishani, kwa sababu sufuria yangu ya chai ilichukua muda mrefu kuliko kawaida kuchemka. Mmoja alisema chuma kitamharibu tumbo asizae. Mwingine akasema nguvu zile si za mazoezi, ni nguvu za punda, za kuzaliwa nazo kijijini, hivyo hazihesabiki. Phares akamwita ndani na kumweleza mambo ya uzazi kwa lugha ya heshima.

"Niko na watoto watatu," Wacera akamjibu. "Huyu wangu wa kwanza, Nduta, nilimzaa siku nimetoka kuni. Mzigo ulikuwa mgongoni. Hakuna mtu aliniambia tumbo itaharibika. Waliniambia nifanye haraka."

Mwishowe walimkubalia kwa sharti kwamba atapiga deki ukumbi kila Jumamosi kabla ya mazoezi. Alipiga deki. Kisha akainua. Wanaume walizoea kumwona kama watu wanavyozoea mvua: walinung'unika, wakasogea.

Mimi ndiye sikuzoea. Siku moja, tukiwa tumekaa juu ya mawe yangu ambayo hayajajengwa, nikamuuliza. Nilitaka kujua, na pia nilitaka kuomba msamaha lakini sikujua pa kuanzia.

"Mama Nduta, kwani wewe huchoki? Unabeba kutwa, halafu unaenda kubeba tena bure."

Alifikiri kidogo. Alikuwa na alama pale ukanda unapokaa, mstari uliozama kidogo chini ya nywele.

"Mama Akinyi, tangu nizaliwe kila kitu nimebeba kilikuwa na mwenyewe. Kuni za mama. Mawe ya fundi. Hii simiti yako. Hiyo chuma haina mwenyewe. Nikiinua, ni mimi nimeinua." Akaangalia upande wa Buruburu, ambako alikuwa amebeba mawe miaka minne. "Hizo nyumba zote, hakuna mahali wameandika mimi ndiyo nilibeba. Mimi nataka waandike. Mara moja tu."

Nilimwambia nisamehe kwa yale ya ndevu. Akajishika kidevu, akasema bado anangoja. Tukacheka, na tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Mwezi wa kumi na moja ikaja barua. Klabu za mitaa ya Eastlands zingeshindana sikukuu ya Jamhuri, katika ukumbi mmoja karibu na Jogoo Road, kwa vyuma vya kweli vilivyoazimwa mjini. Kila klabu ilete watu watano. Mtu asiyeweza kuinua kilo sitini asijisumbue kuja. Barua haikusema mwanamume wala mwanamke. Nadhani mwenye kuiandika hakuwahi kufikiria.

Wakati huo Wacera alikuwa akiinua Arobaini mara kumi na nne. Jina lake halikuwa ukutani. Phares alisema ukuta ni wa wanachama kamili, na mpiga deki ni mwanachama wa namna yake. Watu wanne wakapatikana upesi, wale wale wa ukutani. Wa tano hakukuwa. Wacera akasimama.

"Andika mimi."

Phares akakunja barua vizuri. Sitaki kumsingizia, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maandishi tu. "Mama Nduta, hapa wanasema sitini. Wewe umeinua arobaini. Sitaki wakucheke huko. Nakuhurumia."

"Si arobaini."

"Imeandikwa arobaini."

"Umeandika wewe. Simiti nachanganya mimi. Mimi ndiyo najua debe ya simiti inakaa aje kwa mgongo." Sauti yake ilikuwa imepanda, mara ya kwanza nimsikie hivyo. "Twende kwa mizani. Nikikosea, nitapiga deki mpaka nizeeke, na hiyo chuma siigusi tena. Nikisema ukweli, unaandika jina langu."

Ilikuwa rahisi kwa Phares. Akikosea, angepaka rangi upya. Wacera angepoteza kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwa mzigo wa mtu.

Mizani ya karibu tuliyoijua ilikuwa ya Samatar, mnunuzi wa vyuma chakavu huko Dandora, si mbali na jaa la takataka. Jumamosi iliyofuata tukaazima mkokoteni wa fundi. Wanaume wanne waliinua Arobaini na kuiweka juu, wakihema, na hakuna aliyejiuliza kwa nini kilo arobaini zinahitaji watu wanne. Wacera akaongeza kitu chake: mfuko mmoja wa simiti, mpya, haujafunguliwa, kutoka kwenye kazi yangu.

"Hiyo ya nini?" nikamuuliza.

"Utaona."

Tukatoka kupitia Kariobangi, Wacera akivuta mbele, mimi na Caleb tukisukuma, na Phares nyuma kabisa, ndani ya suti, akiwa na daftari, ili pasiwe na udanganyifu. Watu walituuliza tunauza nini. Mama mmoja wa mboga alimwambia Wacera amwachie mzee avute. Wacera akamjibu kwamba mzee ana kazi ya kuandika.

Samatar alikuwa mtu wa maneno machache na mizani yake ilikuwa ile ya sahani pana ya chuma, yenye mkono mrefu na jiwe dogo la kusogeza. Alituangalia, akaangalia madebe, akasema hanunui simiti. Tulipomweleza akashangaa kwamba watu wenye tai wamekuja kutoka Umoja kwa sababu hiyo, lakini akatusaidia. Arobaini ikapanda. Samatar akasogeza jiwe mpaka arobaini, mkono haukusogea. Akasogeza hamsini. Sitini. Nilikuwa nimemshika Caleb mkono bila kujua. Themanini. Akazidi kusogeza kidogo kidogo, mkono ukatikisika, ukatulia, na Samatar akainama kusoma.

"Tisini na tano."

Phares akapangusa miwani yake. Kisha akasema kile nilichojua atasema.

"Mizani imeharibika."

Samatar alitaka kukasirika, lakini Wacera alikuwa ameshautoa mfuko wa simiti mkokotenini. Aliushusha mwenyewe juu ya sahani mara Arobaini ilipoondolewa, akaugeuza ili maandishi yamwelekee Phares. "Soma hapo."

Phares akasoma. Mfuko uliandikwa KILO 50.

"Sasa soma hapa."

Akainama kwenye mizani. Ilisema hamsini, haikupungua wala kuzidi kitu cha kusemwa. Alikaa ameinama muda mrefu. Namjua mtu yule. Kama mfuko ungekuwa hauna maandishi angebisha mpaka jua lizame. Lakini maandishi ya kiwandani yalikuwa yamekubaliana na mizani, na hapo hakuwa na pa kutokea. Akafungua daftari, akafuta kitu, akaandika kitu, akapiga mstari chini yake kwa rula.

"Namba tano," akasema. "Wacera. Jina la baba ni nani?"

"Ngigi," akasema Wacera. Aligeuka upande, akawa anafunga kamba ya mkokoteni iliyokuwa imefungwa tayari.

Na Caleb wangu? Njia nzima ya kurudi alitembea kama aliyetawazwa. Mara kwa mara alisimama na kuniambia, "Mama Akinyi, tisini na tano. Mara mbili." Nikamkumbusha habari za sukuma wiki. Akajifanya hajasikia. Nilimwambia kwamba kwa mwaka mzima wanaume kumi na mmoja walijiona dhaifu, kila mmoja kimya kimya moyoni mwake, na mtu pekee aliyewaambia ukweli walimcheka. Hilo alilisikia. Jumamosi iliyofuata alifika ukumbini mapema, akachukua deki, akapiga mwenyewe.

Siku ya Jamhuri ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanaume wetu wanne walishangaza watu. Vyuma vya kweli, vyembamba, vya kushikika vizuri, waliviona vyepesi. Wacera alikuwa amevaa sketi nyeusi, chini yake suruali ya Caleb niliyoipunguza mwenyewe. Jina lake lilipoitwa, msimamizi, mtu wa koti la beji, aliangalia juu, akaangalia fomu, akaangalia juu tena. Vijana wakapiga mbinja. Mtu akauliza kwa sauti kama huyo ni bibi au bwana.

Msimamizi akasema hakuna safu ya wanawake kwenye fomu. Akasema, lakini akitabasamu, kwamba mama anaweza kuinua baada ya wanaume wote, kuburudisha watu, isipokuwa haitaandikwa.

Nilimwona Wacera akiyameza maneno hayo. Haitaandikwa. Nilidhani ataondoka, na ningeondoka naye. Badala yake akasema, "Nitangoja."

Alingoja saa mbili. Alipopanda, walimwekea sitini kwa mzaha. Akaiinua kama ndoo tupu. Wakaweka themanini. Wakaweka tisini na tano, na hapo akatutafuta kwa macho katikati ya watu, akacheka peke yake. Mbinja zilikuwa zimekwisha. Akina mama waliokuwa wakiuza njugu nje walikuwa wameingia na vikapu vyao. Akaomba mia moja na thelathini. Wanaume watatu wa uzito wake walikuwa wameshindwa hapo.

Ilipanda polepole. Magoti yalitetemeka, ile mishipa ya shingo ambayo ukanda uliikuza miaka ishirini ikasimama, nami nikajikuta nasema kwa sauti, "Inuka, mama, inuka." Akanyooka. Akasimama nayo. Ukumbi mzima ukalipuka. Aliirudisha pale pale alipoitoa, taratibu, bila kuiangusha, na akashuka.

Phares alikuwa ameshafika mezani. "Umeandika?" akamuuliza msimamizi.

"Mzee, nilisema hakuna safu."

"Chora."

Hakuchora. Akafunika kalamu yake, na sisi tukarudi Umoja bila kikombe na bila hata karatasi. Wacera alikuwa mtulivu kuliko wote. Aliniambia ameshazoea, na hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Jumatatu, kabla ya kazi, nilisikia mtu ukumbini. Nilikwenda na ufunguo mkononi nikidhani ni mwizi. Alikuwa Phares, koti kalivua, tai kaitupa begani isichafuke, makopo mawili ya rangi miguuni. Alikuwa ameshafuta ishirini na ishirini kwenye madebe na kupaka 95 kwa ukubwa ule ule. Sasa alikuwa ukutani na brashi ya buluu. Hakuandika chini ya yale majina manne. Aliandika juu yake, kwa herufi zilizonyooka za karani:

WACERA WA NGIGI, KILO 130, JAMHURI 1981.

"Ukuta hauna safu," akaniambia bila kugeuka.

Nilimpeleka Wacera pale alipofika kazini, mfuko wa kwanza bado mgongoni. Aliusoma ukuta ameinama, ukanda kwenye paji. Kisha akalegeza ukanda, akaushusha mfuko palepale sakafuni, akasimama wima, akausoma tena. Machozi yalimtoka na hakuyapangusa. Fundi aliita mara tatu kutoka nyuma ya nyumba. Nilimwambia angoje.

Ukumbi ule umepakwa chokaa mara nyingi tangu hapo, na kila mara wapakaji wanaambiwa wazunguke yale maandishi. Chini sasa kuna majina mengi, kila mmoja na kilo alizoweza, na sita ni ya wanawake. Wa pili kutoka mwisho ni Benta, kilo 27. Ni mimi. Msinicheke. Chai siku hizo alikuwa akipika Caleb.